Wastani umepanda, nafasi imeshuka: mtoto huyu anunuliwe kuku au awekwe kikao?

BabaWawili (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina kijana yuko kidato cha pili, shule ya kutwa ya kawaida tu. Ripoti imekuja jana. Muhula uliopita alikuwa na wastani wa 41.6, nafasi ya 29 kati ya 64. Safari hii ana wastani wa 52.3, nafasi ya 34 kati ya 66.

Mama yake kaangalia wastani, kachinja kuku. Mimi nimeangalia nafasi, nimenuna, ingawa kuku nimekula. Mama anasema mtoto hashindani na watoto wa watu, anashindana na nafsi yake. Nikamwambia hiyo nafsi yake ndiyo ile iliyopata 12 ya Hisabati, kumshinda huyo hata mimi na uzee huu naweza.

Tangu jana nyumbani tunaongea kwa kupitia watoto. Naombeni mawazo, nani yuko sahihi?

Kipara_Ngoto
Aliyekula kuku huku amenuna ndiye mwenye matatizo hapo. Tuanze na yeye.

Dada wa Mbezi
Mama yuko sahihi asilimia mia. Alama kumi na ushee kwa muhula mmoja siyo mchezo. Mie nimelelewa kwa "mbona mtoto wa mama Fulani", nina miaka 38 na mpaka leo nikinunua kitu nawaza mtoto wa mama Fulani ana cha namna gani. Na tulishapotezana, sijui hata anaishi wapi!

Mwl_Chaki
Nafundisha sekondari mwaka wa kumi na nne huu, niseme kidogo. Mleta mada umetupa namba mbili ukaacha ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo yenye maneno: wastani wa darasa zima. Ulikuwa ngapi muhula uliopita na sasa ni ngapi? Shule nyingi huandika chini kabisa ya ripoti, maandishi madogo, wazazi hawafiki huko.

Halafu darasa limetoka 64 hadi 66. Nafasi inaweza kushuka kwa sababu wamehamia watoto wawili wakali, wako hajafanya kosa lolote.

Chipukizi255
Jibu liko kwenye riadha. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia kwenye Olimpiki kwa kutoka mbele tangu mlio wa bastola, peke yake, hana habari na mtu. Wenzake walikuwa wanaviziana, yeye anakimbia mbio zake. Huko ndiko kushindana na nafsi. Uzi ufungwe.

Mzee wa Gazeti
Kijana #5, uzi haufungwi kwa habari za kusikia. Haikuwa Olimpiki. Ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, mita 1,500. Bayi alikimbia dakika 3 na sekunde 32.2. Kutoka mbele alitoka kweli, hapo umepatia. Lakini nyuma yake alikuwepo John Walker, mwenyeji, akija kama mtu anayedai deni. Walker alikuwa wa pili na yeye pia akawa ameipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun, iliyokaa tangu 1967. Wa tatu Ben Jipcho wa Kenya. Sasa huyo wa pili naye alikuwa anashindana na nafsi yake? Alikuwa anamkimbiza Bayi!

Olimpiki iliyofuata, Montreal 1976, Tanzania iligoma pamoja na nchi nyingi za Afrika. Bayi hakwenda, Walker akachukua dhahabu. Medali ya Olimpiki Bayi aliipata Moscow 1980, fedha, tena kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Chipukizi255
Shikamoo mzee. Nimekosea mashindano, ila hoja yangu imesimama. Aliye mbele hana wa kumtazama.

Mzee wa Gazeti
Marahaba. Aliye mbele anasikia viatu.

Kipara_Ngoto
"Anasikia viatu." Naiandika kwenye bodaboda yangu.

Mkimbiaji_Iten
Mimi niko Iten, Kenya, nakimbia, si wa kutajwa lakini nakimbia. Huku Alhamisi kuna fartlek, mazoezi ya kukimbia kwa kubadilisha kasi, watu mia na zaidi wanatoka pamoja barabara ya vumbi. Ukibaki unabaki, hakuna anayekungoja. Sijaona mtu akiwa bingwa kwa kukimbia peke yake shambani akishindana na saa.

Mwangalieni Faith Kipyegon. Juni 2025 pale Paris alitengenezewa kila kitu ili akimbie maili moja chini ya dakika 4. Wa kumvuta, wa kumkinga upepo, nguo maalum, hakuna mpinzani hata mmoja. Alipata 4:06. Siku tisa baadaye akaenda Eugene, mbio za kawaida na wapinzani wakiwa wamejaa, akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500, 3:48.68. Binadamu anahitaji binadamu.

Dada wa Mbezi
#10 lakini kaka, umesema mwenyewe "rekodi yake mwenyewe". Aliyekuwa anaikimbiza ni nani kama si Faith wa jana? Na hiyo 4:06 ya Paris nayo ilikuwa chini ya rekodi yake ya maili.

Mkimbiaji_Iten
Ilikuwa chini kwa kama sekunde moja hivi, ndiyo, ingawa haiwezi kuhesabiwa rekodi kwa sababu ya mpangilio wenyewe. Umenipata nusu. Hiyo nusu nyingine sikupi.

Mhitimu_Asiye_na_Kazi
Naona mnaongea mambo ya Paris na Christchurch. Rudini mtaani. Nafasi za kidato cha tano ni chache, zinajazwa kwa kulinganisha watu. Chuo hivyo hivyo, mkopo hivyo hivyo. Nilikwenda usaili, nafasi tatu, tumekaa mamia chini ya miti kwenye uwanja. Pale ukimwambia bosi "mwaka jana nilikuwa hovyo zaidi ya hapa" atakupigia makofi kisha atamwita aliye juu yako. Baba ana haki ya kununa.

Mwl_Chaki
#13 una hoja, ila tutenganishe. Mtihani wa kidato cha nne haukupangi wa kwanza wa pili. Ukipata 75 ni A hata mkiwa A nchi nzima, ukipata 45 ni C. Kulinganishwa kunaanza baadaye, kwenye kugawana nafasi. Kijana wa mleta mada alikuwa D, sasa ana C. Huo mstari ameuvuka, wa ngapi au si wa ngapi.

Mwana_Goma
Jambo zenu. Kwetu Kongo mtu ukimaliza sekondari kuna mtihani wa taifa, matokeo ni asilimia. Mpaka ni 50. Siku matokeo yanatoka watu wanamwagiana poda nyeupe kichwani, barabara nzima, kelele, honi. Aliyepata 51 anamwagiwa poda, aliyepata 78 anamwagiwa poda hiyo hiyo. Siku ile hakuna anayeuliza "ulikuwa wa ngapi". Mimi nilipata 54, mama aliniharibia shati jipya kwa poda.

Kwa hiyo nyie mnabishana mtoto apimwe na wenzake au na nafsi. Sisi tunampima na mpaka. Umeruka au hujaruka.

Kipara_Ngoto
Aliyepata 49 anamwagiwa nini?

Mwana_Goma
Anamwagikwa na machozi, ndugu. Hapo sina la kusema.

BabaWawili
Mwalimu #4, nimeifukua ripoti. Kweli iko chini kabisa, nilidhani ni tangazo la michango. Wastani wa darasa muhula uliopita 44, muhula huu 57.

Mwl_Chaki
Basi hapo ndipo nilipokuwa naelekea, samahani kwa mama wa nyumba. Darasa limepanda alama 13, kijana kapanda 10.7. Mtihani ulikuwa mwepesi, au mtunzi amebadilika, au walimu wamelegeza kalamu (tunalegeza, msinifanye niseme). Maji yamejaa, mitumbwi yote imepanda, wa kwako umepanda pungufu kidogo.

BabaWawili
Kwa hiyo kuku tumekula bure?

Mwl_Chaki
Sijasema hivyo. Naomba somo kwa somo kabla hujarudi kwenye kununa.

Mtoto_wa_Mkulima
Niingize yangu. Shule ya msingi kijijini kwetu nilikuwa wa kwanza kuanzia la tatu hadi la saba. Miaka mitano. Nilijua mimi ni kichwa, kijiji kilijua, mbuzi walijua. Nikachaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu. Mtihani wa kwanza: wa 47. Nililia bwenini, nikataka kurudi nyumbani. Kichwa ni kile kile, daftari ni zile zile, kilichobadilika ni watu walionizunguka.

Kule kijijini ukweli ni kwamba sikuwa nasoma. Nilikuwa namzidi wa pili kwa alama 20, ya nini nihangaike? Wale 46 ndio walionifundisha kufungua kitabu usiku. Kwa hiyo kulinganishwa kulinilemaza nilipokuwa juu, kukaniamsha nilipokuwa chini. Nimewaza miaka mingi sijapata kanuni ya hapo.

Dada wa Mbezi
#22 wewe uliamka. Je, waliolala moja kwa moja? Hao hawapo humu kusimulia.

Mtoto_wa_Mkulima
Kweli. Rafiki yangu wa kitanda cha juu aliacha mwaka wa pili. Naye alikuwa wa kwanza kwao.

Mzalendo_Halisi
Ndiyo maana serikali ilifuta haya mambo ya kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Tangu 2021 NECTA, Baraza la Mitihani, hawatangazi.

Mzee wa Gazeti
Ni matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotangazwa Januari 2023. Na sababu waliyotoa haikuwa machozi ya watoto tu. Walisema ilikuwa inazitangazia biashara baadhi ya shule, na watoto hawakusoma katika mazingira sawa. Hilo la pili lishikeni, lina uzito katika uzi huu.

Dada wa Mbezi
Wamefuta kitaifa, likahamia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mwalimu wa darasa anapiga picha orodha nzima, wa kwanza mpaka wa mwisho, anairusha saa tatu usiku. Halafu wazazi wanaanza "hongera mama Junior". Kundi letu mzazi mmoja hajaandika neno tangu Machi. Mtoto wake ndiye wa mwisho.

Mama_Nakuru
Kenya tulitolewa kabisa kwenye hizo namba. KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa alama 500, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa ripoti ya mtaala mpya, CBC, inakuambia mtoto anazidi matarajio, anafikia, anakaribia, au yuko chini ya matarajio. Vizuri sana, sivyo? Nimeenda kuchukua ripoti ya msichana wangu, wazazi sita langoni, swali la kwanza: "Wenye kuzidi wako wangapi darasani?" Watu wamechukua maneno wakatengeneza namba zao upya.

Kipara_Ngoto
Ripoti ya mke wangu kuhusu mimi: "anakaribia matarajio" tangu 2016.

Boda_Tegeta
Naomba nichangie kama mtu wa barabarani. Nilianza na pikipiki ya mtu, hesabu elfu kumi kwa siku. Nilikuwa narudi na hesabu na elfu tano yangu. Pale kijiweni kuna jamaa kila siku anazungumzia elfu thelathini yake. Iliniuma, nikawa nagombania abiria, nakimbiza, nimeanguka mara mbili.

Siku nikamuuliza kiume, wewe unafanyaje? Kumbe anatoka saa kumi alfajiri kuwapeleka akina mama wa samaki Feri. Mimi natoka saa mbili nimeshaoga. Tulikuwa hatushindani hata kidogo, mimi nilikuwa nalinganisha mchana wangu na mchana na alfajiri yake. Nikaanza kuandika kwenye kidaftari: leo ngapi, jana ngapi, nimetoka saa ngapi. Pikipiki sasa ni yangu.

Lakini nisiseme uongo. Kama nisingemwonea kijicho yule jamaa nisingemuuliza.

Mwl_Chaki
Hii #30 nitaisoma darasani Jumatatu, kwa ruhusa yako.

Bi_Tanga
Hamjambo wanangu. Sisi pwani hamtatudanganya kwamba kushindana na watu ni kubaya. Wazee wetu walikuwa na ngoma ya beni, huku Marini huku Arinoti, miji mizima ya pwani imegawanyika, wanashindana kwa mavazi, kwa ngoma, kwa karamu, wana vyeo vyao kama jeshi. Mimi mwenyewe nimekulia Tanga ya vikundi vya taarabu, Black Star na Lucky Star. Ulikuwa ukienda kwa hawa basi kwa wale hukanyagi. Hivi taarabu ile ingenoga vile kama kila kikundi kingejifungia chumbani kinashindana na nafsi yake?

Ila wahenga wakasema pia usisafirie nyota ya mwenzio. Yote mawili ni yetu, kila moja lina siku yake.

Chipukizi255
Bibi hiyo methali inamuunga mkono mama mtoto moja kwa moja!

Bi_Tanga
Wewe mjukuu hujapanda jahazi. Aliye baharini vyombo vya wenzake anaviona, na akiona mwenzake kabadilisha tanga naye atajiuliza kwa nini. Nyota tu ndiyo asiazime.

Mwananchi_Damu
Kushindana na nafsi ni lugha ya waliofungwa. Sisi tulibeba ligi nne mfululizo, 2021/22 hadi 2024/25, hatujawahi kusema tulikuwa tunashindana na Yanga ya mwaka jana.

Mnyama_Mkali
Nne mfululizo tulibeba sisi Simba kwanza, kuanzia 2017/18, nyie mkatuiga. Sasa nani anaishi kwa kumtazama mwenzake?

Mzee wa Gazeti
Hawa wawili peke yao ni ushahidi wa kutosha kwa upande wa baba. Tafadhali msihamishie uzi uwanja wa Mkapa.

Chipukizi255
Mzee, sasa nakuja na iliyohakikiwa. John Stephen Akhwari, marathoni, Olimpiki ya Mexico 1968. Alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa 57, wa mwisho kabisa. Akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Nani anamkumbuka wa 20 siku ile? Huyu alishindana na nini kama si mwili wake?

Mzee wa Gazeti
Hiyo iko sawa, hongera. Wa mwisho kati ya waliomaliza, maana walianza 75. Wale 18 wengine waliacha njiani.

Mkimbiaji_Iten
Na mimi niwape ya kwenu ambayo mmeisahau. Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025, bingwa wa dunia wa marathoni, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros naye 2:09:48. Waliamuliwa kwa picha, sekunde 0.03. Lakini Aprili mwaka huo huo Simbu alikimbia Boston 2:05:04 na akawa wa pili. Kwa hiyo kwa kipimo cha nafsi yake, siku ya dhahabu alikuwa mbovu kwa zaidi ya dakika nne na nusu! Nafasi imepanda, wastani umeshuka. Ni ripoti ya kijana wa BabaWawili iliyogeuzwa kichwa chini.

Dada wa Mbezi
Haki ya Mungu hii imenikalisha.

Mzee wa Gazeti
Imenikalisha na mimi, ila ngojeni. Boston inateremka, ndiyo maana hata rekodi ya dunia haikubaliwi pale. Tokyo ilikuwa joto na unyevu, watu wanaacha njiani. Huwezi kuweka 2:05 ya kule na 2:09 ya huku kwenye mizani moja.

Mwl_Chaki
Ahsante mzee! Ndiyo hoja yangu tangu #4. Mtihani mwepesi, mtihani mgumu. Simbu wa Aprili na Simbu wa Septemba hawakufanya mtihani mmoja. Kumlinganisha mtu na nafsi yake ya jana kunahitaji jana na leo zifanane, na hazifanani. Wenzake waliofanya mtihani ule ule, siku ile ile, joto lile lile, ndio pekee wanaokuambia mtihani ulikuwaje.

Dada wa Mbezi
Lakini mwalimu, wenzake nao hawafanani naye. Mmoja ana mwalimu wa ziada kila jioni, mwingine anauza maandazi kabla ya shule. Si mzee amesema #26 mazingira hayakuwa sawa? Umekimbia shimo ukaingia jingine.

Mwl_Chaki
Nimeingia, nakubali.

BabaWawili
Nimerudi na masomo. Hisabati alikuwa na 12, sasa 39. Wastani wa darasa wa Hisabati ulikuwa 26, sasa 31. Fizikia kutoka 28 hadi 44, ya darasa sijaiona. Kiswahili alikuwa na 71, sasa 62.

Mwl_Chaki
Basi kwenye Hisabati maji hayakujaa kiasi hicho, mtumbwi umepanda wenyewe. Alama 27 wakati darasa limepanda tano. Hapo kuna kazi imefanyika. Kuku wa Hisabati ni halali. Wa wastani bado namtilia shaka.

Mhitimu_Asiye_na_Kazi
39 bado ni D. Mpaka wa jamaa wa Goma hajauruka. Mimi niko pale pale.

Mama_Nakuru
Kuna mtu amemuuliza mtoto mwenyewe? Tuko posti ya arobaini na ngapi sijui, hatujui amefanya nini mpaka akatoka 12.

BabaWawili
Mama Nakuru, nimemuuliza jioni hii, ndiyo mara ya kwanza naongea naye tangu ripoti ije bila kupitia mdogo wake. Nilitarajia aseme anashindana na nafsi yake kama mama yake, au anataka kuwa wa kwanza kama mimi. Kasema kuna binti wanakaa dawati moja, muhula uliopita alimcheka kwa ile 12. Safari hii yule binti kapata 41 ya Hisabati. Kijana anataka 42. Hao 33 waliomzidi hana habari nao, na huyo wa muhula uliopita hamkumbuki.

Mama yake alikuwa anasikiliza jikoni. Kasema hilo nalo ni kushindana na nafsi, mimi nikasema ni kushindana na mtu, tumeanza upya.

Mzee wa Gazeti
Huyo binti ndiye Walker.

Chipukizi255
Binti ndiye Bayi, mzee. Yuko mbele.

Dada wa Mbezi
Jamani mie naona kama kijana anampenda tu.

Bi_Tanga
Nilikuwa nasubiri nani atasema.

Kipara_Ngoto
BabaWawili, nisaidie jambo moja niende kulala. Kiswahili kutoka 71 hadi 62 imekuwaje? Au na yeye anasoma nyuzi za baba yake?